Don Bosco, Vijana Wake na Mbwa Asiye na Mwenyewe

Katika miji yetu wako wawili wanaofukuzwa kwa mawe na kwa maneno makali: mtoto asiye na kwao, na mbwa koko. Watu huwapita wote wawili wakidhani ya kuwa hakuna jema litokalo kwao. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za padre mmoja wa Italia aliyewakusanya watoto wa namna hiyo, naye mwenyewe akaokolewa na mbwa wa namna hiyo. Ni Mtakatifu Yohane Bosco, ajulikanaye zaidi kwa jina la Don Bosco.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, mkoa wa Piemonte. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima, naye alifariki mwaka 1817 kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini kulea alijua. Aliwakuza watoto katika ufukara, kazi na sala.

Yohane alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, aliota ndoto isiyomtoka moyoni maisha yake yote. Aliona kundi la watoto wakipigana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Bwana mmoja mwenye heshima akamkataza, akamweleza kuwa watoto hao atawapata kwa upole na mapendo, si kwa mapigo. Mara watoto wakatoweka, na mahali pao pakawa na mbuzi, mbwa, paka, dubu na wanyama wengine wengi. Kisha wanyama wale wakageuka kuwa wanakondoo, wakirukaruka kwa furaha. Kazi yote aliyoifanya baadaye ilikuwa ni kuitimiza ndoto hiyo.

Alipata upadre tarehe 5 Juni 1841 mjini Torino. Siku zile vijana wengi walitoka mashambani kwenda mjini kutafuta kazi ya uashi na vibarua, wakalala popote usiku ulipowakuta. Padre Giuseppe Cafasso, mlezi wake, alimpeleka magerezani. Huko Don Bosco aliona vijana wadogo, wenye afya na akili, wakikaa bure wakiliwa na chawa. Akatambua jambo moja lililomchoma moyo: wengi waliofunguliwa walirudi tena kifungoni kwa sababu huko nje hawakuwa na mtu wa kuwatunza. Basi akaazimia kuwa yeye ndiye rafiki yao wa huko nje.

Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, mtumishi wa sakristia alimkuta humo kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, yatima na mwashi wa miaka 16. Alipoona kuwa hajui kutumikia Misa, akampiga kwa fimbo na kumfukuza. Don Bosco akaamuru aitwe arudi, maana kijana yule ni rafiki yake. Garelli akarudi akitetemeka. Baada ya Misa wakaanza somo la kwanza la dini, na kutokana na mmoja yule wakaja wengi. Mwaka 1846 kundi hilo lilipata kibanda cha bwana Pinardi huko Valdocco, na mama Margherita, ingawa alikuwa mtu mzima, akaacha shamba lake akaja kuwa mama wa watoto wa wenzake.

Isidhaniwe kuwa kazi ilikuwa nyepesi. Baadhi ya vijana wa kwanza waliopewa mahali pa kulala waliondoka usiku wakiwa wamebeba mablanketi. Don Bosco hakufunga mlango. Alianzisha karakana za ushonaji wa viatu na nguo, za kutia vitabu majalada, za useremala na uchapaji. Naye akaandikiana mikataba na mabwana wa kazi ili vijana wasidhulumiwe.

Lakini mtu wa namna hiyo hakosi adui. Watu walijaribu kumwua zaidi ya mara moja, na njia ya kwenda Valdocco ilipita mahali penye giza na vichaka. Hapo ndipo alipotokea mbwa mkubwa wa rangi ya kijivu, mwenye sura kama ya mbwamwitu. Padre alishtuka alipomwona mara ya kwanza, lakini mnyama akatikisa mkia, akatembea naye hadi mlangoni, kisha akaenda zake. Don Bosco alimwita Grigio, maana yake ni wa kijivu.

Mwishoni mwa Novemba 1854, usiku wa ukungu na mvua, watu wawili walimvamia wakamfunika joho kichwani. Grigio akatokea kwa mbweko wa kutisha, akawarukia, hata wao wenyewe wakamsihi padre amzuie mbwa wake. Usiku mwingine, Don Bosco alipotaka kutoka, Grigio alilala kizingitini akakataa kabisa kumpisha. Mama Margherita akamwambia mwanawe kwamba ikiwa hamsikii mama yake, basi amsikie mbwa. Punde si punde jirani akafika mbio na habari kuwa wauaji wanamvizia njiani.

Siku moja Grigio aliingia uani vijana walipokuwa wakicheza. Wengine walitaka kumpiga mawe. Lakini Giuseppe Buzzetti, mmoja wao, aliwakataza, kwa kuwa alimjua. Basi wakamsogelea, wakampapasa, wakamvuta masikio, naye akatulia. Wakampeleka kwa Don Bosco mezani. Akapewa chakula asile, akaweka kichwa karibu na rafiki yake, kisha akaondoka. Don Bosco hakupata kamwe kumjua mwenyewe wa mbwa huyo.

Tazameni, wapendwa wasomaji, lililotendeka katika ua ule. Vijana waliozoea kufukuzwa walishika mawe ili wamfukuze mwingine, maana aliyepigwa hujifunza kupiga. Walipoambiwa kwamba mnyama huyu ni rafiki, mikono ile ile ikambembeleza.

Don Bosco alifariki alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, 1 Aprili 1934. Wanawe Wasalesiani walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1911, na Tanzania mwaka 1980.

Jambo lililoonekana uani Valdocco limefanywa kuwa kazi yenye mpango katika siku zilizo karibu nasi. Huko Marekani, Pauline Quinn aliteseka sana katika ujana wake, akatoroka kwao na kuzunguka bila makazi, mpaka mbwa wake aitwaye Joni alipomrudishia moyo. Baadaye akawa sista Mdominiko, na mwaka 1981 alisaidia kuanzisha katika gereza la wanawake la jimbo la Washington kazi ya kufundisha mbwa waliotupwa. Mwaka 1993 kazi kama hiyo ilianzishwa katika gereza la vijana la MacLaren, jimbo la Oregon. Kijana hukabidhiwa mbwa mmoja aliyekosa mwenyewe. Humlisha, humsafisha, humfundisha kutii, mpaka mbwa apate nyumba ya watu. Kijana akipaza sauti, mbwa hujikunyata. Akitumia upole, mbwa husogea. Hivyo anayefundisha hufundishwa, na mwisho hujifunza hata kumwachia mwingine anachokipenda kwa faida yake.

Wazazi na walezi, twaweza kuanza na kidogo. Kijana mkaidi apewe kiumbe cha kutunza, awe mbwa, mbuzi au kuku, na asifiwe anapokitunza vema. Mbwa na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na mtu mzima awe karibu, kwa maana mnyama hawezi kuchukua nafasi ya mzazi. Don Bosco mwenyewe alikuwapo uani kila siku, akicheza pamoja na vijana wake.

Na yule kijana alalaye kwenye baraza za maduka, tusimwite mhuni kabla hatujamwuliza jina lake. Garelli alipigwa fimbo asubuhi ile ile aliyoitwa rafiki. Fimbo ilimtoa nje, na neno moja la mapendo likamrudisha ndani.