Hermann Jacobi: Mwanahesabu aliyempinga mwalimu wake kuhusu Ujaini

Kama umewahi kupita Langoni kule Mombasa, bila shaka umeliona hekalu jeupe la marumaru la Wajaini. Pengine ulidhani ni la Wahindu ukapita zako. Usijilaumu sana. Miaka 150 hivi iliyopita, maprofesa wakubwa wa Ulaya walikosea vibaya kukuliko. Waliandika vitabuni eti Ujaini si dini ya kujitegemea, ni tawi tu lililochipuka kwenye Ubudha. Wajaini wenyewe walijua ukweli siku zote, lakini nani aliwauliza?

Aliyekuja kuwasahihisha maprofesa hao ni Hermann Jacobi, Mjerumani aliyezaliwa Köln mwaka 1850. Alipoingia chuo kikuu kule Berlin alienda kusoma hesabu. Ndiyo, hesabu. Njiani akavutwa na Kisanskriti, akabadilisha kozi. (Wewe unayeogopa kuwaambia wazazi kuwa umebadilisha nia, tulia.) Mmoja wa walimu wake alikuwa Albrecht Weber, jina kubwa sana wakati huo, na Weber alikuwa miongoni mwa wale walioamini kuwa Ujaini ulizaliwa na Ubudha.

Mwaka 1872 Jacobi akapata shahada ya udaktari kule Bonn. Mwaka uliofuata akasafiri hadi India, akaungana na msomi mwingine, Georg Bühler, aliyekuwa akizunguka kutafuta miswada ya kale. Januari 1874 walikuwa Jaisalmer, mji wa jangwani Rajasthan, ambako Wajaini walikuwa wamehifadhi vitabu vyao chini ya mahekalu kwa karne nyingi. Vingi viliandikwa kwenye majani makavu ya mti wa jamii ya mnazi. Hakukuwa na mashine ya kunakili. Walipokuta muswada mmoja adimu, wao wenyewe wawili waliketi wakaunakili kwa mkono. Jacobi alikuwa na umri wa miaka 23.

Sasa hapa ndipo penye utamu, kwa hivyo vuta kiti.

Maandiko ya Wajaini si kitabu kimoja. Ni kama maktaba yenye rafu, na kila rafu ina jina na kazi yake. Wajaini wa madhehebu ya Shvetambara wanaotumia sanamu huhesabu vitabu 45. Kuna Anga, yaani viungo vya mwili, ambazo zilikuwa 12 lakini ya mwisho ilipotea, zikabaki 11. Kuna Upanga 12 zinazoandamana nazo. Kuna Chedasutra 6, zenye sheria za watawa na adhabu za wanaozivunja, Mulasutra 4 ambazo mtawa mpya huanza nazo, Prakirnaka 10 za mada mchanganyiko, na Chulika 2. Wajaini wa Sthanakvasi hukubali 32 tu. Nao Digambara husema Anga za asili zilishapotea zote, kwa hivyo wana vitabu vyao na mpangilio wao wa mafungu manne: masimulizi, elimu ya ulimwengu, mwenendo, na falsafa.

Utauliza, kwani rafu zina maana gani? Zina maana kubwa. Maandiko ya Shvetambara yalikubaliwa kwa umbo lake la mwisho katika baraza la Valabhi, karne ya 5 baada ya Kristo, takriban miaka elfu moja baada ya Mahavira. Ukivichukua vitabu vyote 45 kuwa vya umri mmoja, utasema ni vya juzi, na hoja ya akina Weber itasimama. Jacobi hakukubali kuvipima vyote kwa kamba moja. Alivitenga kimoja kimoja, akachunguza lugha na mizani ya mashairi yaliyomo, kwa sababu mizani hubadilika na wakati kama mitindo ya nguo. Akaona sehemu za Anga ya kwanza na ya pili zina mizani ya kale mno, akazikadiria kuwa za mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 3 kabla ya Kristo.

Kisha akawageukia Wabudha wenyewe. Vitabu vyao vya kale vinamtaja mpinzani wa Buddha aitwaye Nigantha Nataputta. Kumbe huyo ndiye Mahavira, kwa jina la ukoo wake! Tena vinasema wafuasi wake walishika nadhiri nne, ilhali Mahavira alifundisha tano. Kosa? Jacobi alifikiri la. Wajaini husema nadhiri nne zilikuwa za Parshva, aliyemtangulia Mahavira kwa miaka 250. Na kwenye rafu ya Mulasutra kuna kitabu, Uttaradhyayana, ambamo mfuasi wa Parshva na mfuasi wa Mahavira wanakutana na kujadili tofauti hiyo hiyo. Basi dini hii ilikuwa imeshasimama kabla ya Buddha kuanza kufundisha.

Mwaka 1879 alichapisha Kalpasutra, ambayo ni sehemu ya Chedasutra, na kwenye utangulizi wake akaipinga hadharani rai ya mwalimu wake. Alikuwa na miaka 29. Baadaye, 1884 na 1895, akatoa tafsiri za Kiingereza za vitabu vinne kutoka rafu tatu tofauti.

Si kwamba alipatia kila kitu. Alijaribu kukadiria umri wa Veda kwa kutumia nyota, na wenzake wengi wakamkatalia. Lililouma zaidi lilikuwa ndani ya tafsiri yake ya Anga ya kwanza. Alifasiri kifungu kimoja kana kwamba watawa wa kale waliruhusiwa nyama. Hebu fikiria: watu ambao kutodhuru kiumbe ndiyo roho ya dini yao! Wajaini walilalamika, na haki walikuwa nayo.

Hata hivyo hawakumfungia mlango. Aliporudi India mwaka 1913 na 1914 walimpokea kwa heshima na kumtunuku cheo, na kule Ahmedabad alionyeshwa muswada mwingine adimu aliokuja kuuchapisha mwaka 1918. Alistaafu Bonn mwaka 1922. Mwaka 1928, akiwa mzee wa miaka 78, aliandika barua akikubali kuwa maneno aliyoyafasiri nyama na mifupa yanaweza kusomwa kuwa nyama ya tunda na kokwa zake. Alifariki Bonn mwaka 1937.