Sol Plaatje, Mwandishi wa Gazeti



Watu wengi hudhani kwamba mwandishi wa vitabu ni mtu anayekaa mahali patulivu. Ana meza yake, ana taa yake, na hana kazi nyingine. Katika kurasa hizi utasoma habari za mtu ambaye hakuupata utulivu huo. Alikuwa mhariri wa gazeti dogo katika mji mdogo. Mhariri ni mtu anayesimamia habari zote zinazoandikwa gazetini. Kazi hiyo ilimaliza siku zake na fedha zake. Hata hivyo aliandika vitabu.

Mtu huyo ni Solomon Tshekisho Plaatje wa Afrika ya Kusini. Watu walimwita Sol. Jina la Plaatje ni la Kiholanzi, na hutamkwa kama Plaiki. Lakini yeye alikuwa Mwafrika, Mtswana wa watu wa Barolong.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba, 1876, karibu na Boshof. Alikulia Pniel, kijiji cha misheni karibu na mji wa Kimberley. Huko alisoma shule ndogo ya wamisionari. Hakufika shule ya sekondari. Sehemu kubwa ya elimu yake aliitafuta mwenyewe baada ya kutoka darasani, kama wewe unavyofanya sasa. Mwaka 1894 alipata kazi ya posta mjini Kimberley. Kazi yake ilikuwa kupeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba. Jioni alijifunza lugha. Mwisho alijua lugha saba au zaidi, za Kiafrika na za Kizungu.

Mwaka 1898 alimwoa Elizabeth M'belle. Mwanzoni wazee wa pande zote mbili hawakupenda ndoa hiyo, kwa sababu bibi hakuwa Mtswana. Vijana walishikilia, wakaoana. Mwaka huo huo Plaatje alihamia Mafikeng, kuwa mkalimani wa mahakama. Mkalimani ni mtu anayegeuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine. Kazi hiyo haitaki mchezo. Mkalimani akikosea neno moja, mtu asiye na hatia anaweza kufungwa.

Mafikeng maana yake ni mahali pa mawe. Ulikuwa mji mdogo. Mwezi wa Oktoba, 1899, vita vilianza kati ya Waingereza na Makaburu. Makaburu waliuzingira mji huo kwa siku 217. Hakuna aliyetoka wala kuingia kwa salama. Chakula kilipungua, na Waafrika ndio walioumia zaidi, maana mgawo wao ulikuwa mdogo. Wengine walikufa kwa njaa.

Katika siku hizo Plaatje alikuwa na umri wa miaka 23. Mchana alifanya kazi ya mahakama. Pia aliwapigia taipu waandishi wa magazeti ya Uingereza waliokuwa wamekwama mjini. Ndipo alipoiona kazi ya habari kwa karibu. Baada ya kazi hizo zote, alichukua daftari na kuandika mambo ya siku ile: mizinga, njaa, mambo ya kuchekesha, na jinsi Waafrika walivyoishi. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo wala kumlipa. Likumbuke daftari hilo, tutalirudia.

Vita vilipopungua mjini, gazeti jipya lilianzishwa mwaka 1901. Liliitwa Koranta ea Becoana, yaani Gazeti la Watswana. Sehemu yake iliandikwa kwa Kitswana na sehemu kwa Kiingereza. Fedha zilitoka kwa Silas Molema, mtu wa ukoo wa watawala wa Barolong. Mhariri alikuwa Plaatje. Mwaka 1902 aliacha kazi ya serikali, yenye mshahara wa kila mwezi, akashika gazeti peke yake.

Fikiri kidogo juu ya uamuzi huo. Alikuwa na familia. Aliacha mshahara uliokuwa hakika, akachukua kazi ambayo mapato yake hayakujulikana. Mimi naona huo ulikuwa ushujaa, ingawa mkewe angeweza kuuita jina jingine.

Mhariri wa gazeti dogo hafanyi kazi moja. Asubuhi ni mwandishi wa habari, mchana ni mfasiri, jioni ni karani wa kudai madeni. Karatasi na wino havipatikani bure. Mpiga chapa anataka ujira wake gazeti likiuzwa au lisiuzwe. Wasomaji wa Koranta walikuwa wachache, wametawanyika vijijini, na wengi wao hawakuwa na fedha. Watu wengi waliolihitaji hawakujua kusoma. Wafanyabiashara wenye matangazo ya kulipia walikuwa wazungu, na wengi hawakuona faida ya kutangaza kwa Waafrika. Kwa hiyo gazeti liliingia katika madeni. Lilisimama, likaanza tena, likasimama tena. Kufikia mwaka 1908 hivi lilikuwa limekwisha.

Plaatje hakuiacha kazi hiyo. Mwaka 1910 alihamia Kimberley, akawa mhariri wa gazeti jingine, Tsala ea Becoana. Baadaye liliitwa Tsala ea Batho, maana yake Rafiki wa Watu. Neno batho linafanana na neno letu watu, kwa sababu Kitswana na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja. Aliipenda kazi hii hata katika majina ya watoto wake. Mwanawe wa kwanza alimpa jina la mwanzilishi wa gazeti moja la Cape Town. Mwingine alimwita Johannes Gutenberg, jina la Mjerumani wa zamani aliyegundua njia ya kupiga chapa vitabu huko Ulaya. Mtoto huyo alifariki akiwa bado mchanga.

Mwaka 1912 Waafrika wa Afrika ya Kusini waliunda chama chao cha siasa. Ndicho chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Plaatje alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa kwanza. Mwaka uliofuata serikali ya wazungu ilitunga Sheria ya Ardhi ya 1913. Kwa sheria hiyo Waafrika walitengewa karibu sehemu 7 tu katika kila sehemu 100 za nchi. Nje ya sehemu hizo hawakuruhusiwa kununua wala kukodi shamba. Familia nyingi zilifukuzwa pamoja na ng'ombe wao, wakati wa baridi.

Mhariri alipanda baiskeli, akaenda kuona kwa macho yake. Aliwakuta watu njiani wakitangatanga na mifugo inayokufa. Familia moja ilifiwa na mtoto njiani. Haikuwa na ardhi ya kumzika, ikamzika usiku kwa siri katika ardhi ya mtu mwingine. Plaatje alizichapa habari hizo katika gazeti lake. Lakini gazeti la wiki husomwa leo, na kesho hufungiwa sukari. Aliona kwamba jambo hili lilihitaji kitabu.

Basi mwaka 1914 chama kiliwatuma yeye na wenzake Uingereza kupinga sheria hiyo. Ndani ya meli, wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye aliandika. Kitabu chake kuhusu maisha ya Waafrika chini ya sheria ile, Native Life in South Africa, kilitoka London mwaka 1916. Mwaka huo huo alitoa pia kitabu cha methali 732 za Kitswana. Serikali ya Uingereza haikuifuta sheria. Na huko nyumbani, Tsala ea Batho ilikosa mtu wa kuiendesha, ikafa mwaka 1915. Kitabu kilipatikana, gazeti likapotea. Bibi Elizabeth alibaki Kimberley na watoto kwa karibu miaka mitatu, akiishi kwa shida.

Mwaka 1919 Plaatje alisafiri tena. Alikwenda Uingereza, Kanada na Marekani, akarudi nyumbani mwaka 1923. Akiwa London, mnamo mwaka 1920, aliandika hadithi ndefu iitwayo Mhudi. Mhudi ni mwanamke wa Barolong katika vita vya miaka ya 1830. Kijiji chake kinateketezwa, naye anavuka pori peke yake, anakutana na simba, anapata mume. Katika hadithi hiyo mwanamke mara nyingi ana akili na moyo kuliko wanaume. Plaatje aliiandika kwa Kiingereza, akitumaini kwamba fedha za mauzo zitamsaidia kuchapa hadithi za Kitswana ili zisipotee.

Wachapishaji hawakuitaka. Miaka kumi hadithi hiyo ilikaa katika makaratasi. Ilichapishwa mwaka 1930. Inahesabiwa kuwa kati ya riwaya za kwanza kabisa zilizoandikwa kwa Kiingereza na Mwafrika wa Afrika ya Kusini. Aliitoa kwa kumbukumbu ya binti yake Olive. Afya ya Olive iliharibika baada ya homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918, naye akafariki mwaka 1921. Baba yake alikuwa Marekani, hakuweza kumzika. Sijui kama kitabu kinaweza kulipia jambo kama hilo.

Aliporudi nyumbani hakuwa tena na gazeti lake mwenyewe. Aliandika makala katika magazeti ya watu wengine ili apate chakula cha watoto. Alizunguka vijijini na mashine ya sinema, akiwaonyesha watu picha za Waafrika wa Marekani na shule zao. Katikati ya safari hizo alikuwa akitafsiri tamthilia za Mwingereza Shakespeare kwa Kitswana. Moja ilitoka mwaka 1930. Nyingine, ya Julius Caesar, ilitoka mwaka 1937. Tamthilia hiyo hiyo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, na tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1963.

Plaatje hakuiona Julius Caesar yake ikiwa kitabu. Mwezi wa Juni, 1932, alishikwa na homa ya mapafu akiwa Johannesburg. Alifariki tarehe 19, akiwa na umri wa miaka 55. Alizikwa Kimberley. Siku hizi mji huo una chuo kikuu chenye jina lake, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2014.

Na lile daftari la Mafikeng? Lilikaa bila kujulikana muda mrefu. Mwaka 1969 lilionekana, likiwa na mwandiko wake mwenyewe, na mwaka 1973 likachapishwa kuwa kitabu. Watu walikuwa wamesoma habari nyingi za vita vile zilizoandikwa na wazungu waliokuwa mjini. Katika daftari hili walisoma kwa mara ya kwanza jinsi mji ulivyoonekana na Mwafrika aliyekuwa ndani yake, siku kwa siku, pamoja na majina ya majirani zake na bei ya chakula.