Mackay wa Usambiro, Mwalimu Aliyefundisha kwa Mikono

Jina la Alexander Mackay tumezoea kulisikia pamoja na habari za Kanisa la Uganda. Ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba alimaliza mwendo wake upande huu wetu wa kusini wa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Usambiro, na kwamba kabla ya kuwa mmisionari alisomea ualimu. Sisi tuliovuta vumbi la chaki kwa miaka mingi tunapenda kumkumbuka kwa upande huo.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchini Uskoti. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake mzazi, mchungaji wa hapo. Walipokuwa matembezini, mzee alisimama njiani akachora ardhini kwa fimbo mkondo wa mto Zambezi, au akamwonyesha mwanawe kanuni ya jiometri. Mtoto naye alipenda kwenda kwa wahunzi na maseremala kutazama kazi zao. Alipokua alisoma chuo cha ualimu huko Edinburgh, kisha akajifunza uhandisi, akafanya kazi ya kuchora mitambo Ujerumani.

Mwaka 1875 Stanley aliandika barua gazetini akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa, watu wanaojua kazi za mikono. Mackay alijitoa, akapokewa na chama cha CMS, akafika Unguja mwezi Mei 1876. Mwaka uliofuata alisimamia kazi ya kukata njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alifika Buganda Novemba 1878.

Huko alijenga karakana, akaweka tanuru, mivukuto na jiwe la kunolea lenye gurudumu. Vijana waliokuja kusoma Neno la Mungu walimkuta akifua chuma, nao wakashika nyundo. Alichonga herufi za chapa kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea kwa Kiganda. Hivyo waliojifunza kusoma waliona pia jinsi kitabu kinavyotengenezwa.

Habari moja yatugusa sana. Alichimba kisima pale Natete, akaweka pampu. Watu walipoona maji yakipanda juu yenyewe, walisema huyu si mtu, ni mzimu. Mwalimu mwenye kutaka sifa angenyamaza. Mackay alikataa. Aliwaambia kuwa yeye ni mtu kama wao, akawaeleza pampu kwa kuifananisha na mkonga wa tembo na mirija yao ya kunywea pombe. Alianza na kile walichokijua, na ule uchawi ukawa jambo la akili, ambalo wao nao wangeweza kulifanya.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala Mwanga, na mateso yakaanza. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto. Mackay alibaki na wanafunzi wake mpaka Julai 1887, alipolazimika kuondoka. Ndipo akaja Usambiro. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 alimkuta na karakana yake, akifanya kazi ya kuunda boti ya mvuke. Alimshauri arudi kwao apumzike, lakini hakukubali. Homa ilimchukua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40 tu, na boti haijakamilika. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Ndugu, tuna jambo la kuungama. Tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu tulichora pampu ubaoni mwaka hata mwaka, na wanachuo wakainakili. Siku moja kijana aliuliza kwa nini maji yakubali kupanda. Tulimjibu kuwa hilo haliulizwi katika mtihani. Alikaa chini, na hatukumsikia akiuliza tena. Kijana yule alikwenda kufundisha watoto, na twaogopa kuwa aliwafundisha kama tulivyomfundisha sisi.

Jibu lilikuwa karibu. Hewa ina uzito, nayo huyasukuma maji kupanda pale pampu inapoondoa hewa ndani ya bomba. Kwa sababu hiyo pampu ya kunyonya haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi. Mchimbaji wa hapa Rwamgasa anayeshindwa kukausha shimo refu kwa pampu iliyowekwa juu anakutana na kanuni hiyo hiyo. Watoto wetu wanaona makarasha yakisaga mawe, wanaona zebaki ikikamata dhahabu na kuacha mchanga, na ikichomwa inatoweka hewani, nayo ni sumu kwa avutaye. Maswali ya sayansi yamejaa njiani wanapokwenda shule. Wakifika darasani wanaambiwa wanyamaze wanakili.

Walimu vijana mnaosali pamoja nasi, msingoje maabara. Mackay alianza na mrija wa pombe. Nanyi wazazi, mtoto akiuliza kwa nini, msimkemee. Kama hamjui, mwambieni hivyo, kisha mtafute pamoja naye. Sisi tulichelewa kulijua hilo. Bwana atusamehe, awape ninyi kufanya vizuri zaidi.