Jacob Riis, ripota aliyewahi kukosa pa kulala

JACOB Riis alipowasili New York kutoka Denmark mwaka wa 1870, akiwa na umri wa miaka 21, hakuwa na kazi wala pa kulaza ubavu. Usiku mmoja alijisitiri katika bweni la maskini lililokuwa kwenye kituo cha polisi. Humo akaibiwa kidani chake cha dhahabu. Alipolalamika akatimuliwa, naye askari akamuua mbwa mdogo aliyekuwa akimfuata.

Kinyongo hicho hakikumtoka. Alipoajiriwa kuwa ripota wa habari za polisi mwaka wa 1877, alipekua nyumba za eneo la Mulberry, ambamo watu walibanana katika vyumba visivyo na dirisha. Kwa kamera na baruti ya kumulika gizani aliwapiga picha, na kitabu chake cha 1890 kikawashtua matajiri. (Kejeli zake dhidi ya Wachina na Wayahudi, hata hivyo, zinachukiza.)

Mwaka wa 1896 rafiki yake Theodore Roosevelt, aliyeongoza bodi ya polisi wa jiji hilo, aliyafunga mabweni yale. Riis alishangilia, ingawa waliolala humo bado walihitaji vitanda.

Sheria ya 1901, iliyoagiza nyumba mpya za kupangisha ziwe na madirisha na vyoo, ilimkuta hai. Alifariki mwaka wa 1914.