Edward Alexander Partridge: Mkulima Aliyedai Haki ya Mizani

Mkulima akishalima, akapalilia na kuvuna, hubaki mbele yake swali moja zito: mizani iko mikononi mwa nani? Kitabu cha Mithali hukemea mizani ya hila, na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mnunuzi mmoja tu, akiwa na mazao yasiyoweza kusubiri, anaelewa kwa nini. Leo tunapenda kuyatazama maisha ya mtu aliyelichukua swali hilo kuwa kazi yake, katika nchi ya mbali, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hatumsimulii kama mtakatifu. Alikuwa mkali wa ulimi, mwepesi wa kuchoka na vikao, na mambo mengi aliyoyaanzisha yalikamilishwa na wengine.

Edward Alexander Partridge alizaliwa mwaka 1861 karibu na mji wa Barrie, jimboni Ontario, nchini Kanada. Akiwa kijana alifanya kazi ya ualimu. Mwaka 1883 aliondoka kwao kwenda magharibi, kwenye nyanda pana zilizokuwa zikifunguliwa na reli mpya, akachukua shamba jirani na kituo cha Sintaluta, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Saskatchewan. Huko alioa, akalea familia, na kama majirani zake akalima ngano.

Ili tuelewe mapambano yake, ni lazima kwanza tuelewe namna ngano ilivyouzwa. Kando ya reli, katika kila kituo, palijengwa kihenge kirefu cha mbao kilichoonekana kutoka mbali sana. Mkulima aliingiza mkokoteni wake wa farasi ndani, ukapimwa juu ya mizani, kisha nafaka ikamwagwa katika shimo lililokuwa chini. Mkanda wenye ndoo nyingi uliichota na kuipandisha hadi juu kabisa, nayo ikaanguka katika chumba cha daraja lake. Behewa lilipofika, nafaka iliteremka kwa uzito wake yenyewe kupitia bomba hadi ndani ya behewa. Kazi iliyokuwa ikiwachukua watu wengi siku nzima ilimalizika kwa muda mfupi.

Chombo chenyewe kilikuwa kizuri. Taabu ilitokana na umiliki wake. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific iliwapendelea wale walioweza kujenga kihenge cha kupokea angalau busheli 25,000, yaani karibu tani 680 za ngano. Mahali kilipojengwa kihenge cha namna hiyo, mkulima hakuruhusiwa tena kupakia ngano yake moja kwa moja kwenye behewa kutoka mkokotenini. Hivyo makampuni machache yakashika mlango pekee wa kutokea. Wakulima walilalamika kwamba mizani ilipunja, kwamba ngano safi ilipewa daraja la chini, na kwamba makato ya takataka yalizidi takataka zenyewe. Na hawakuweza kungoja bei bora, kwa kuwa wakati wa baridi bandari za Ziwa Superior zilifungwa na barafu, nayo madeni yalidai kulipwa.

Malalamiko hayo yalizaa Sheria ya Nafaka ya Manitoba ya mwaka 1900, iliyompa mkulima haki ya kupata behewa na kupakia mwenyewe. Lakini mwaka 1901 mavuno yalikuwa makubwa mno, mabehewa hayakutosha, na ngano nyingi ikakwama. Mwezi Desemba wakulima walikutana Indian Head na kuanzisha chama chao, mwenyekiti wa kwanza akiwa W. R. Motherwell. Partridge alikuwa miongoni mwa walioshiriki kwa bidii. Mwaka uliofuata chama hicho kilimshtaki wakala wa reli wa kituo cha Sintaluta kwa kugawa mabehewa kinyume cha sheria. Wakulima walishinda, na hukumu haikutenguliwa katika rufaa. Tangu siku hiyo waliokuwa wakinung'unika kila mtu peke yake walijua kwamba wakisimama pamoja husikilizwa.

Hata hivyo, Partridge aliona kwamba behewa peke yake halitoshi. Bei ilipangwa mbali, katika Soko la Nafaka la Winnipeg. Mwanzoni mwa mwaka 1905 wakulima wa Sintaluta walimtuma huko aangalie jinsi biashara ilivyoendeshwa. Alipokewa kwa ubaridi na dharau. Akarudi nyumbani akiwa na uamuzi mmoja: wakulima waingie wenyewe ndani ya soko lile, wauze ngano yao wenyewe.

Mwaka 1906 ilizaliwa Grain Growers' Grain Company, kampuni ya wakulima. Hisa moja iliuzwa kwa dola 25, hakuna aliyeruhusiwa kujilimbikizia hisa nyingi, na kila mwanachama alikuwa na kura moja. Ada ya kiti sokoni ilikuwa dola 2,500, fedha nyingi kwa watu wa mkokoteni na jembe. Partridge na wenzake wachache walijifunga kwa jina lao wenyewe mbele ya benki ili ipatikane. Walianza kuuza ngano mwezi Septemba.

Haukupita muda wakafukuzwa sokoni. Kosa lao lilikuwa kutangaza kwamba faida itarudishwa kwa wanachama kulingana na kiasi cha nafaka ambacho kila mmoja ameleta. Bila kiti sokoni kampuni changa ilikuwa karibu kufa. Katika siku hizo za hatari, ushirika wa Scotland, Scottish Co-operative Wholesale Society, uliendelea kununua ngano yao, na serikali ya Manitoba ikalishinikiza soko liwarudishe. Walirudishwa mwaka 1907, lakini kwa sharti la kuacha mpango ule wa kugawana faida. Kampuni ilipona, na sehemu ya kusudi lake ikabaki mlangoni.

Mwaka huohuo Partridge alimwachia uongozi kijana Thomas Crerar, mtu wa hesabu na subira. Mwaka 1908 lilianzishwa gazeti la wakulima, Grain Growers' Guide. Partridge alikuwa mhariri wake wa kwanza, akaacha karibu mara moja. Wakati huo fikra zake zilikuwa zimehamia jambo jingine: vihenge vyote vya vituoni na bandarini viwe mali ya umma. Manitoba ilijaribu mwaka 1910 kwa kununua vihenge vingi, ikapata hasara, na mwaka 1912 ikavikodisha kwa kampuni ya wakulima. Saskatchewan ilichagua njia nyingine mwaka 1911: wakulima wa kila kituo walitoa kwanza asilimia 15 ya thamani ya hisa zao, nayo serikali ikakopesha asilimia 85 ya gharama za ujenzi. Njia hii ndiyo iliyoota mizizi. Mwaka 1917 kampuni aliyoianzisha Partridge iliungana na ushirika wa Alberta, zikawa United Grain Growers. Mwaka 1923 na 1924 vikafuata vyama vikubwa vya kuuza ngano kwa pamoja katika majimbo yote matatu.

Yeye mwenyewe hakunufaika sana. Mashine ya kuvunia ilimjeruhi akapoteza mguu. Binti yake alikufa maji. Vita Vikuu vya kwanza viliwachukua wana wake wawili, na mwaka 1924 akampoteza mkewe. Katika huzuni hiyo aliandika kitabu kirefu juu ya vita dhidi ya umaskini, akiiwazia jamii ambamo watu wangefanya kazi na kugawana kwa haki. Wachache walikisoma. Alifariki mwaka 1931 katika mji wa Victoria, pwani ya Pasifiki, mbali na shamba lake la Sintaluta.

Miaka kumi na mitano kabla ya kampuni ile kuanza, Papa Leo XIII katika waraka Rerum Novarum alikuwa ameitetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao. Hatuna haja ya kudai kwamba wakulima wa Sintaluta waliusoma. Inatosha kuona kwamba walilifanya jambo lenyewe: walichanga kidogo kidogo, wakamtuma mmoja wao akaone, wakakubali kudhaminiana. Nasi tulio katika vyama vyetu, tunaposhika daftari la wenzetu au kusoma mizani kwa niaba yao, tukumbuke kwamba uaminifu wetu hapo ndio mavuno ya mtu mwingine.