Alfred Russel Wallace, mtafiti wa wadudu

Mwezi Agosti 1852 meli ya Helen iliteketea katika bahari ya Atlantiki. Abiria wake, Mwingereza Alfred Russel Wallace, aliokolewa baada ya siku 10 katika mashua, lakini wadudu na ndege aliowakusanya katika misitu ya Amazon, wengi wakiwa bado hawana majina ya kisayansi, waliungua.

Wallace, asiye na mali wala shahada, alisafiri tena mwaka 1854 hadi visiwa vya Malay na kukaa huko miaka minane. Alipata vielelezo 125,660, zaidi ya 83,000 vikiwa mbawakawa. Kijana Ali wa Sarawak, aliyempikia na kumwindia ndege, anastahili sehemu ya sifa hiyo.

Kulinganisha viumbe wa kisiwa hiki na wa kile kulimwonyesha kuwa jamii zao hubadilika. Mwaka 1858 alimpelekea Charles Darwin maelezo ya jinsi mabadiliko hayo yanavyotokea. Yalisomwa London pamoja na maandishi ya Darwin, bila Wallace kuombwa ruhusa. Hakulalamika.

Katika kisiwa cha Bacan alipata pia nyuki jike mwenye urefu wa karibu sentimita 4, mkubwa kuliko nyuki wote wanaojulikana. Wallace alifariki mwaka 1913. Wanasayansi hawakumwona tena nyuki huyo akiwa hai hadi mwaka 1981.