Isaac Singer: Mtu aliye nyuma ya cherehani kongwe za Musoma

UKIPITA katika mitaa ya biashara mjini Musoma, kwenye baraza za maduka ya vitambaa, sauti inayokupokea mapema ni ya cherehani. Hali ni hiyo hiyo Bunda, katika nchi ya wakulima wa pamba, na hata Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere. Miongoni mwa mashine hizo zimo nyeusi na nzito za zamani, zenye maandishi ya dhahabu yaliyofifia, lakini jina bado linasomeka: Singer.

Wengi hulijua jina hilo kama chapa tu. Wachache hukumbuka kwamba Singer alikuwa mtu, tena mtu wa maisha yenye misukosuko.

Isaac Merritt Singer alizaliwa Oktoba 27, 1811 katika Jimbo la New York, Marekani, katika familia ya mhamiaji kutoka Ujerumani. Wazazi wake walitengana akiwa mtoto, naye aliondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Alijifunza ufundi wa mitambo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye jukwaa. Alitaka kuwa mwigizaji.

Mwaka 1839 alipata hataza ya mashine ya kutoboa miamba na kuiuza kwa dola 2,000. Mtu mwingine angefungua karakana. Yeye aliunda kikundi cha maigizo na kuzunguka nacho mji hadi mji, mpaka fedha zote zikaisha.

Miaka kumi baadaye alibuni mashine ya kuchonga herufi za uchapaji. Mfano wake uliteketea New York pale tangi la mvuke la karakana lilipolipuka. Mchapishaji aitwaye George Zieber alimsaidia kuanza upya, na mwaka 1850 wakahamia Boston, katika karakana ya Orson Phelps. Mashine ya herufi haikupata wateja. Phelps, hata hivyo, alikuwa akitengeneza cherehani ambazo kila mara zilirudishwa kwa kuharibika. Singer aliombwa azitazame.

Cherehani hazikuwa jambo jipya. Barthélemy Thimonnier wa Ufaransa alikuwa nayo tangu mwaka 1830, na karakana yake ikavamiwa na mafundi cherehani wa Paris waliohofia kupoteza riziki. Elias Howe wa Marekani alipata hataza mwaka 1846. Tatizo lilikuwa kwamba mashine za wakati huo zilikatakata uzi na kumchosha fundi.

Singer aliona kasoro haraka. Katika mashine za Phelps, kibeba uzi wa chini kilizunguka kwenye duara na kuupotosha uzi. Yeye akataka kiende mbele na kurudi. Sindano akaifanya iwe iliyonyooka, ipande na kushuka, na kitambaa kilazwe mezani chini ya mguu wa kukikandamiza. Zieber alitoa dola 40, na kazi ikachukua takriban siku 11. Inasimuliwa kwamba usiku wa majaribio mashine ilitoa mishono iliyolegea, wakakaribia kukata tamaa, hadi ilipobainika kuwa skrubu ya kukazia uzi haikuwa imekazwa vizuri. Hataza ikatolewa Agosti 12, 1851.

Mafanikio hayakumfanya awe mwungwana. Zieber alipougua, Singer alimshawishi auze hisa zake kwa dola 6,000, kiasi kidogo mno kulingana na utajiri uliofuata. Naye Howe alimshitaki kwa kutumia uvumbuzi wake, akashinda mwaka 1854. Singer alilipa dola 15,000, na mwaka 1856 kampuni kubwa za cherehani zikakubaliana kuunganisha hataza zao badala ya kumalizana mahakamani.

Mwaka huo huo lilifanyika jambo ambalo huenda lina uzito kuliko uvumbuzi wenyewe. Cherehani iliuzwa zaidi ya dola 100, wakati kipato cha familia ya kawaida ya Marekani kilikuwa kama dola 500 kwa mwaka. Mshirika wa Singer, mwanasheria Edward Clark, akaanzisha utaratibu wa kuchukua mashine kwa malipo kidogo ya awali na kumalizia kwa awamu kila mwezi. Mshonaji aliilipia cherehani kwa kazi ya cherehani hiyo hiyo.

Singer hakufurahia umaarufu huo kwa utulivu. Mwaka 1860 ilifichuka mjini New York kwamba alikuwa na familia kadhaa kwa wakati mmoja. Watoto wake waliojulikana ni 24. Alikimbilia Ulaya kuikwepa aibu, na mwishowe akaanza kujenga jumba kubwa huko Paignton, Uingereza. Alifariki dunia Julai 23, 1875 kabla jumba halijakamilika.

Hakukiona kiwanda cha Kilbowie, Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Cherehani nyingi kongwe zilizofika katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, Tanganyika ikiwamo, zilitoka huko, miaka mingi baada ya kifo chake.

Katika Mkoa wa Mara mashine hizo ziliwakuta watu wanaoijua pamba tangu shambani. Enzi za Mwalimu Nyerere Musoma ilipata hata kiwanda chake cha nguo, Mutex. Kijana anayehitimu ushonaji leo hukabiliwa na swali lile lile la Boston: mashine ataipata wapi na ataimudu vipi? Kwa wengi, jibu ni cherehani kuukuu ya kiwandani.

Ununuzi wa mashine ya namna hiyo hutaka subira. Fundi makini huzungusha gurudumu kwa mkono kwanza. Likikwama au likicheza, huuliza kulikoni kabla ya kutoa fedha. Huhakikisha sindano za aina yake zinapatikana sokoni, na husoma namba iliyogongwa kwenye chuma, inayoonyesha umri. Mota nayo hukaguliwa: iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 110 wa Marekani huungua ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania, na zipo za viwandani zinazotaka umeme wa njia tatu.

Ikifika nyumbani, meza husawazishwa isitikisike, vumbi na mafuta yaliyoganda hutolewa, na matundu yote hutiwa mafuta mapya ya cherehani. Mashine huendeshwa polepole bila uzi, ndipo mkanda hukazwa na kipande cha kitambaa hujaribiwa. Mshono ukilegea, fundi hugeuza skrubu ya kukazia uzi kidogo kidogo, kama ilivyofanyika katika karakana ya Phelps mwaka 1850.

Singer mwenyewe alikuwa mgumu kuaminika, kwa washirika wake na kwa wanawake aliozaa nao. Mashine yake imekuwa kinyume chake. Ikitiwa mafuta na kurekebishwa, hulisha nyumba ya fundi, na baadaye nyumba ya atakayeinunua kwake.